Kikombe Namba Nne

Nahumu alipofika kwenye kikombe namba nne, alinyamaza.

Kwenye vile vitatu vya mwanzo alikuwa anasema maneno mawili matatu, na dada aliyekaa pembeni na daftari anayaandika. "Tamu. Ina ulimao kidogo. Safi." Kisha anatema kwenye ndoo, anasuuza kijiko, anasogea. Akivuta kahawa kutoka kwenye kijiko hutoa mlio mkubwa, na baba aliposikia mlio ule mara ya kwanza aliniinamia sikioni.

"Mtoto wa watu anakunywa kama ng'ombe aliyefungwa kutwa."

Niliuma pindo la kitenge nisicheke.

Kikombe namba nne alivuta, akasimama. Akatema. Akavuta tena. Akakiinamia kikombe akanusa, halafu akainua macho na kunitazama mimi.

Tulikuwa watu wanane mle chumbani, wakulima wa Njombe na vijiji vyake, tumekaa kwenye benchi pale Makambako tukingoja kuambiwa kahawa zetu zina nini. Nahumu angeweza kumtazama yeyote. Siku zote macho yake yakinifikia mimi huinamisha uso, maana nina haya tangu utotoni. Siku hiyo nilishindwa kuinama. Nilijua amekuta nini ndani ya kikombe kile. Mimi ndiye niliyekitia.

Shamba letu liko kilimani, juu ya misheni, ambako asubuhi ya mwezi wa saba ukitema mate yanaganda. Babu alilipanda, baba akalirithi, na wenzake walipong'oa kahawa wakapanda parachichi, yeye alikataa. Mwaka huo kampuni moja ya Makambako ilisema itanunua kahawa maalumu, ile isiyochanganywa na ya mtu mwingine, na kwamba gunia litaandikwa jina la shamba lenyewe mpaka kwa mnywaji wa mwisho huko ng'ambo. Baba alilala na jambo hilo na kuamka nalo. Shamba la Silvesta. Aliniagiza nimwandikie maneno hayo kwenye karatasi aone yatakavyokaa. Mimi shule niliiachia darasa la tano, mama alipougua, lakini hayo niliyaandika vizuri.

Nahumu ndiye alikuwa muonjaji wa kampuni hiyo. Mwaka uliotangulia alikuja kijijini kutufundisha kuchuma matunda mekundu matupu. Akapita kwenye vikapu vyetu akichambua, akafika kwenye changu, akatafuta la kijani akalikosa.

"Kikapu hiki cha nani?" aliuliza.

Sikujibu. Shangazi Teodora akanijibia. "Cha huyu. Anaitwa Idda. Haongei, ila anasikia."

Ndivyo tulivyoanza. Mwezi wa tano Nahumu akaja na mshenga, akaleta barua ya posa. Baba aliguna kwanza, kwa sababu Nahumu ni Mkinga wa Makete, tena Mlutheri, na sisi ni Wakatoliki, watu wa misheni tangu enzi za babu. Nahumu akakubali ndoa ifungwe kanisani kwetu. Baba akasema, "Ngojeni kahawa ipite. Siku kahawa yangu ikipata jina, nitajibu."

Basi nami nikaingojea kahawa ile kuliko mwenyewe.

Baba alikwenda hospitali kutibiwa macho, akakaa siku tano. Akaniachia vichanja tunavyoanikia kahawa. Siku hiyo hiyo ukungu ukashuka, na kwa siku tatu hatukuliona jua. Kahawa ya vichanja viwili vya mwisho ilikuwa bado na maji, ukiitia jino inabonyea. Niliogopa itaota kuvu, kampuni iikatae, na posa yangu iende na kahawa. Nikafanya ambalo mama, Mungu amrehemu, alikuwa analifanya kila mwaka kwa mahindi. Niliipandisha kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto. Mahindi ya kwetu hukaa hapo miezi, na moshi unayalinda na wadudu. Baada ya siku mbili kahawa ikakauka, ikawa inalia mkononi kama kokoto. Nikafurahi. Nikaichanganya na ile nyingine yote iliyokaukia juani. Sikumwambia mtu, kwa kuwa sikuona kama kuna la kusema, mpaka Nahumu aliponitazama vile.

"Namba nne," Nahumu alisema sasa, kijiko bado mkononi. "Moshi."

Dada wa daftari akainua kalamu. "Niandike moshi tu?"

"Andika moshi."

Meneja, mama Beatha, akachukua kijiko chake, akavuta, akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli. Unakuja mwishoni, unakaa kooni." Akafunua orodha yake ya majina. "Namba nne ni mzee Silvesta. Pole sana, mzee. Hii haiwezi kwenda na jina la shamba. Tutaipokea, lakini itaingia kwenye mchanganyiko."

Baba alisimama. Macho yake yalikuwa bado na wekundu wa hospitali.

"Moshi wa wapi?"

"Hilo siwezi kujua, mzee wangu. Kahawa hudaka harufu ya kila kilicho karibu nayo."

"Mimi naanika kichanjani, juani. Miaka thelathini naanika juani. Moshi wa wapi?" Kisha akamgeukia Nahumu, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu. "Nani amekaanga kahawa hii?"

"Mimi, mzee."

"Aaa. Wewe."

"Nimekaanga zote kumi na mbili, mzee. Nilipewa namba, sikupewa majina."

"Mwenye kukaanga ndiye mwenye moshi. Hilo hata mtoto analijua. Mama meneja, huyu kijana amekuambia yeye ni nani kwangu?"

Nahumu alifumba macho.

"Ameposa kwangu," baba akasema. "Binti mwenyewe huyu hapa. Nimewachelewesha jibu, ndiyo leo ananionyesha kazi."

Wakulima kwenye benchi walinigeukia wote kwa pamoja. Nilitamani sakafu ifunguke.

"Nahumu, ni kweli?" mama Beatha aliuliza.

"Kuposa ni kweli."

"Na hukuniambia?"

"Niliona namba zinatosha, mama."

"Hazitoshi!" Akavua miwani. "Mwenye posa kwenye nyumba haonji kahawa ya nyumba hiyo. Toka mezani. Kuanzia leo uko ghalani na makuli, mpaka nijue moshi huu umeingiaje."

Neno moja lingetosha. Angesema tu, mzee, muulize binti yako. Alinitazama mara ya pili, nami nikaona kuwa neno hilo analo mdomoni. Hakulisema. Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka mezani karibu na kikombe kile.

"Na posa yako imekwisha," baba alimwambia. "Idda, twende. Magunia yangu narudi nayo."

* * *

Magunia yetu manane yalikuwa bado kwenye pikapu, nje ya ghala. Baba alikwenda kumtafuta dereva ng'ambo ya barabara, penye malori ya Zambia. Nilikuwa nimeegemea pikapu nikijifuta uso aliponifikia Nahumu. Alikuwa ameshavaa koti la gunia kama makuli wengine.

"Uliipandisha jikoni," alisema. Hakuwa anauliza.

"Kulikuwa na ukungu siku tatu."

"Si ungenipigia?"

"Nikwambie nini? Kwamba baba ameniachia kahawa na mimi naiozesha?"

"Idda. Kahawa si mahindi."

"Sasa nimejua." Machozi yalinizidi. "Wewe ulijuaje kama ni yetu?"

Akatazama chini, akasugua vumbi kwa kiatu. "Nyumba yenu inanukia hivyo. Siku nilipokuja na mshenga, koti langu lilishika moshi ule wiki nzima. Sikulifua."

Kama angenitukana ningevumilia. Niligeuza uso, nikashika ubavu wa pikapu.

"Si ungesema ni safi?" nilimwambia. "Kwa ajili yangu tu, Nahumu. Mara moja."

Lori lilipita, likatufunika na mlio wake, likaenda.

"Nilitaka," alisema. "Ndiyo maana nilivuta mara mbili. Lakini ningesema hivyo, maisha yote ningekaa mezani kwa baba yako nakula ugali wake, naye ananiita mwanangu, na mimi najua nilimdanganya kwenye kitu anachokipenda kuliko vyote. Nisingeweza kumeza."

"Basi nitamwambia mimi. Sasa hivi akirudi."

"Usimwambie leo. Leo anaungua. Mimi ni mtu wa mbali, anaweza kunichukia na akalala usingizi. Wewe unakaa naye nyumba moja."

"Na kazi yako?"

"Kubeba magunia?" Alijaribu kucheka. "Sisi Wakinga tunazaliwa na gunia la viazi mgongoni. Usinihurumie kwa hilo."

"Idda!" Baba aliita kutoka ng'ambo.

Nahumu alinyoosha mkono kama anayetaka kunishika kiganja, akaurudisha. Nikapanda kwenye gari. Ningeweza kumwambia baba njia nzima, tangu Makambako mpaka kwetu, na sikumwambia. Na nitasema kweli yote: nilipoambiwa ninyamaze, nilipata nafuu moyoni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

* * *

Jumapili baada ya misa mshenga alikuja. Mzee Frederick ni ndugu wa mama yake Nahumu, ana duka Makambako, na ni mtu wa maneno matamu. Siku hiyo aliingia amevaa masweta mawili na uso wa msibani.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene," shangazi Teodora aliitikia. Yeye ni dada mkubwa wa baba na haogopi mtu. "Mzee Frederick, masweta mawili? Huko kwenu Iwawa, Makete, mpaka viazi vinavaa sweta, hapa Njombe unaogopa nini?"

"Naogopa nyuso za wenyeji, dada. Leo hapa ni baridi kuliko Kitulo."

Shangazi akacheka peke yake. Baba hakucheka. Alikuwa ameiweka barua ya posa mezani, na alipomaliza salamu akaisukuma kwa kidole mpaka upande wa mgeni.

"Barua yenu hiyo. Mrudishie mwenyewe."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na sinia la chai mikononi. Mvuke wa chai ulinipanda usoni.

"Mzee Silvesta," mshenga alisema, "sikuja kubishana. Ila nimetumwa na watu, nikirudi wataniuliza kosa la kijana wao ni nini. Nimemuuliza yeye, hasemi. Anasema tu, baba wa binti ana haki ya kukasirika. Tangu Alhamisi anabeba magunia. Bosi wake amemwambia aandike barua aeleze moshi umeingiaje, la sivyo mwisho wa mwezi aondoke. Nimempelekea karatasi na kalamu mwenyewe. Mpaka asubuhi hii karatasi ni nyeupe."

"Ataandika nini?" baba alisema. "Mwizi huandika barua?"

Nilisogelea pazia nisikie vizuri.

"Hata hivyo hujamaliza, Silvesta," shangazi alisema.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Posa hairudi kabla binti hajaulizwa. Hata ukikataa, anaulizwa, watu wasikie kwa kinywa chake. Mimi niliulizwa wakati ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wameshaanza kuchinjwa."

"Aulizwe nini na mimi nimeshakataa?"

"Aulizwe. Au unataka kwetu iwe ndiyo nyumba ya kwanza kijiji hiki kurudisha posa mlangoni kama mbwa aliyepotea?"

Baba alipumua kwa nguvu. "Muite."

Niliingia, nikaweka sinia, nikapiga magoti kwenye mkeka kando ya shangazi. Kwa kawaida yetu binti huulizwa mambo matatu, na kila moja hulijibu kwa neno moja, macho chini. Anayejibu maneno mengi husemwa kuwa hakufundwa.

"Idda," shangazi alisema kwa ile sauti ya shughuli, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Posa waliyoileta unaijua?"

"Naijua."

"Unasemaje?"

Hapo ilikuwa niseme ndiyo au hapana, ninyanyuke, nitoke. Baba alikuwa anatazama dirishani. Mzee Frederick alikuwa anatazama magoti yake. Niliifikiria ile karatasi nyeupe.

"Moshi ni wangu," nikasema.

"Unasema?" Shangazi alinisogelea. "Mwanangu, umeulizwa posa."

"Moshi ni wangu, shangazi. Baba alipokuwa hospitali, ukungu ulikaa siku tatu. Kahawa ya vichanja viwili niliipandisha kwenye uchaga. Ilipokauka nikaichanganya na nyingine. Nahumu hakuiunguza. Nahumu alijua ni mimi tangu pale mezani, na alinyamaza ili nisigombezwe." Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu wazima. Niliishiwa pumzi, nikavuta nyingine. "Nami nikamwacha anyamaze."

Baba aliinuka akatoka, na tukasikia mlango wa jikoni, kisha kigoda kikiburutwa. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi alikuwa na masizi kwenye mikono ya shati la kanisani, na kiganjani alikuwa na punje tano au sita za kahawa alizozikuta zimenasa katikati ya mahindi.

Akazinusa. Akazinusa tena, kwa kuvuta pumzi ndefu.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Teodora, nusa."

Shangazi akanusa. "Mi' pia. Ni kahawa tu."

Baba akampelekea mzee Frederick. Yule mzee, ambaye nyumbani kwake wanapikia gesi, alisogeza pua, akairudisha nyuma.

"Mzee mwenzangu," alisema kwa upole, "huu ni moshi mtupu."

Baba alikaa chini. Alikitazama kile kiganja chake kwa muda mrefu, halafu akaziangalia kuta, na dari, na koti lake lililotundikwa mlangoni, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

"Nimeishi ndani yake," alisema. "Ndiyo maana." Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Nilipomsingizia mbele ya watu, alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua, baba."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Na mimi nilikuwa najua."

Sikutukanwa. Sikupigwa. Nilingoja vyote viwili, ningevishukuru. Baba alichukua ile barua mezani, akaitia kwenye mfuko wa shati, akamwambia mshenga, "Kunywa chai, mzee. Umetoka mbali." Baadaye, aliponipita uani, alisema tu, "Kesho alfajiri tunapakia magunia."

* * *

Ghala lile lina sakafu ya saruji, na katikati kuna lundo la kahawa ya mchanganyiko, refu kama nyumba, kahawa ya vijiji vyote. Makuli walikuwa wanashusha lori. Nahumu alikuwa mmoja wao, gunia begani, jasho limemchora vumbi usoni. Alipotuona alisimama pale pale na gunia lake.

Mama Beatha alitoka ofisini. Baba alivua kofia.

"Mama, nimekuja kufuta maneno yangu," alisema, na hakuyasema kwa sauti ndogo. "Alhamisi nilisema moshi ni wa mkaangaji. Si kweli. Umetoka jikoni kwangu. Kijana huyu nilimsingizia, na nilimsingizia mbele ya watu, kwa hiyo nimekuja kumsafisha mbele ya watu."

Mama Beatha alimtazama baba, akanitazama mimi, akamtazama Nahumu. Nafikiri alielewa zaidi ya alichoambiwa. "Nimesikia, mzee. Kesho atarudi mezani. Ila kahawa ya kwako atakuwa haonji yeye, hilo silibadilishi."

"Ni haki."

"Na hii uliyoleta?"

"Iingie hapo." Baba alionyesha lundo kwa kidevu.

"Basi vijana wataimwaga."

"Nitaimwaga mwenyewe."

Magunia yalishushwa, na baba akayafungua moja moja. Alikataa kusaidiwa. Alikumbatia gunia, akaliegemeza kwenye lundo, akaliinua kitakoni mpaka lote likatoka. La kwanza lilipomwagika niliiona kahawa yetu imekaa juu ya ile nyingine, nikaijua, nimeichuma tunda kwa tunda. Kisha kuli mmoja akapitisha koleo, ikateremka. Gunia la pili. La tatu. Lilipofika la nane sikuweza tena kunyoosha kidole nikasema hii ni yetu. Mwaka mzima wa baba ulikuwa umeingia humo, na jina lake halikuandikwa popote.

Sikuthubutu kulia. Haikuwa haki yangu kulia.

"Nahumu," baba aliita.

"Naam, mzee."

"Ulileta posa kwangu ukapata jibu la hasira. Jibu lile halipo." Alikuwa anahema kwa kazi ile. "Jana binti aliulizwa kama kawaida yetu. Akajibu jambo jingine, jambo kubwa, lakini lililoulizwa hajalijibu mpaka sasa. Mimi siwezi kumjibia. Nimeona nikijibu mimi inakuwaje." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sijui kama ni ugonjwa au ni vumbi. "Mjibu mtu, Idda."

Akaenda mlangoni, akasimama ametugeuzia mgongo.

Nahumu alitua gunia. Alikuja mpaka karibu, akasimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Siku nne," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze, najua. Lakini kila asubuhi nilikuwa natazama barabara."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akafikiri. "Bado kidogo panauma. Patapoa."

"Hukuandika ile barua."

"Ningeandika nini? Kila nilipoanza ilikuja jina lako."

Niliinama, kwa mazoea. Niliona mikono yake, imechubuka vidole vyote kwa kamba za magunia, ile mikono iliyozoea kijiko. Nikaona kuwa nikiendelea kuinama, atabeba na hili pia peke yake. Nikainua uso. Makuli walikuwa wameacha kazi wote.

"Dada, sema basi!" mmoja aliita kutoka juu ya lori. "Dereva anataka kwenda Songea!"

Wakacheka. Nahumu hakucheka, alikuwa ananitazama tu, na nilimwona amezuia pumzi.

"Nimekubali," nikasema. Ilitoka ndogo, nikairudia, na safari hii sauti yangu ilinishtua mwenyewe ilivyogonga mabati na kurudi. "Nimekubali, Nahumu. Nakutaka wewe."

Kuli wa juu ya lori akapiga mluzi. Mama Beatha akaingia ofisini haraka, ameinamisha kichwa. Nahumu alifunika uso kwa ile mikono yake iliyochubuka, akakaa hivyo, na mabega yakawa yanatikisika.

Mlangoni baba hakugeuka. Aliokota magunia yetu matupu, akayakung'uta moja moja, akayakunja, akayaweka kwapani. Akasimama pale, akingoja tumalize.